Benchi Moja na Wifi Béata

S.L.P. 41,
Gisenyi, Rubavu.
Jumapili, 15 Septemba 2024

Shangazi yangu mpendwa Jovia,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa niaba ya mume wangu Wenceslas, na ya Bruce wetu, ambaye ametimiza miaka sita na anataka kila anayepita barabarani ajue. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Kayanga, umekaa barazani miguu imepumzika, na mjukuu wako Kampire karibu yako akikusomea polepole.

Macho yanaendeleaje tangu upasuaji? Kampire alinieleza kwamba siku ya kufunguliwa bandeji ulimtazama yeye kwa muda, kisha ukamwambia, "Kumbe umenenepa hivi!" Tulicheka mpaka Wenceslas akatoka nje kutafuta pumzi. Mwambie asikasirike. Afadhali bibi anayeona. Na migomba je, ule ugonjwa wa kukausha majani umeisha? Na goti?

Sisi huku hatujambo. Mvua zilianza wiki iliyopita, na kule Mudende wanapanda viazi kwa haraka kama watu waliochelewa harusi. Kazini bado niko ofisi ile ile ya ardhi, napima mipaka ya watu na kusikiliza matusi yao.

Shangazi, nina jambo ambalo sikutaka kukueleza kwa simu. Sikio lako la kushoto limechoka, na mimi nikianza kulia ungedhani kuna msiba. Hakuna msiba. Ni habari njema, ila imeanzia mbali kidogo, kwenye ugonjwa wangu wa sukari na kwenye mtumbwi.

Mwezi wa Machi daktari aliniambia sukari yangu imeanza kupanda, na kwamba mwili wangu unahitaji kutoka jasho. Nikamwambia mimi natembea. Akanitazama, akasema kutembea kutoka ofisini mpaka kwenye pikipiki hakuhesabiwi. Basi jirani yangu Umuhire, yule mwembamba anayepiga ngoma kwenye kwaya ya parokia, akanivuta kwenye timu yao ya kupiga makafi ziwani. Nilimkumbusha kwamba sijui kuogelea. Akasema, "Hata mimi sijui. Tunavalishwa fulana za kuelea, na tuko ishirini na wawili. Utazama vipi peke yako?"

Timu hiyo aliianzisha Aimable, fundi wa umeme aliyesoma China miaka minne. Huko aliona watu wakishindana kwa mitumbwi mirefu yenye kichwa cha joka mbele na mkia nyuma: watu ishirini wanakaa wawili wawili kwenye mabenchi kumi, mmoja anapiga ngoma mbele, mmoja anashika usukani nyuma. Aliporudi akamwonyesha picha Bizumuremyi, seremala wa mitumbwi ya wavuvi kule Nyamyumba, na mzee akachonga mtumbwi mzima, na kichwa chake, meno na ulimi nje.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Nusu ya timu ni akina mama wa kwaya, Wakatoliki na walokole mchanganyiko, na wote wamesoma Ufunuo, ambamo joka ni Shetani mwenyewe. Wakasema joka hawaliketii. Aimable alijaribu kuwaeleza kwamba joka la Wachina ni la baraka, mama mmoja akamwuliza kama ni yeye aliyeandika Biblia. Bizumuremyi hakubishana na mtu. Alichukua msumeno, akakata kichwa kile, na baada ya wiki moja akaleta kichwa cha musambi, yule korongo wetu mwenye taji. Akina mama wakapanda. Kwa hiyo, Shangazi, mimi ni mpiga kafi wa mtumbwi wa joka lisilokuwa joka.

Siku yangu ya kwanza ufukweni tulipimwa uzito kwenye mizani ya viazi iliyoazimwa sokoni. Wawili wanaokaa benchi moja ni lazima walingane, la sivyo mtumbwi unalala upande. Nilisimama kwenye mizani ile kama gunia, Aimable akasoma: sabini na nane. Akaandika. Kisha akaita, "Nani mwingine sabini na nane?" Mtu nyuma yangu akajibu, "Mimi." Sikuhitaji kugeuka. Ile sauti naijua.

Alikuwa Béata, mke wa marehemu ndugu yangu Gatete.

Wewe hukuweza kuja mazishini, ulikuwa umelazwa kwa goti, na nadhani hukuwahi kusikia kutoka kinywani mwangu nilichofanya siku ile. Leo nakuambia mwenyewe. Gatete alikuwa na ugonjwa wa ini kwa miezi minane, na mimi, dada yake, niliyekua naye kwenye kitanda kimoja nyumbani kwako, nilijua siku nne kabla hajafa. Alipokwisha kufunikwa udongo pale Mudende, nilimnyooshea Béata kidole mbele ya watu wote waliokuja kutuzikia. Nilimwambia, "Wewe ndiye uliyemuua. Umekaa kimya mpaka umemuua." Hakujibu. Igihozo, mtoto wao, alikuwa na miaka miwili, amelala begani mwake. Nikasema hayo na mtoto akaamka.

Tangu siku hiyo hatukusemezana. Béata alihamia hapa mjini, akawa anauza vitenge sokoni, nami nikajifunza kupita mlango mwingine. Miaka sita, Shangazi. Mji wenyewe huu mdogo.

Kwa hiyo pale ufukweni nilimwambia Aimable kwamba naomba benchi lingine. Akasema, "Dada, una sabini na nane, na yeye ana sabini na nane. Benchi la sita. Kaa." Nikatazama kama Béata ataondoka yeye. Alikuwa tayari anavaa fulana ya kuelea. Nami sikutaka aseme nimemkimbia, basi nikakaa.

Sijui kama unaweza kuona picha ya kukaa benchi lile. Ni jembamba. Paja lako linagusa paja la mwenzako, hakuna nafasi ya chuki kuweka hata kiwiko. Yeye anapiga kafi upande wa kushoto, wewe kulia. Unainama mbele, unalizamisha kafi lote, unavuta kwa mgongo, siyo kwa mkono, unalitoa, unainama tena. Na nguvu haisaidii kitu kama hampigi pamoja. Wiki ya kwanza kafi langu liligonga la aliye mbele yangu, likamwagia maji aliye nyuma yangu. Aimable alikuwa akipiga kelele kutoka ufukweni, "Benchi la sita! Mnapiga nyimbo mbili!"

Tulifanya mazoezi siku tatu kwa wiki, saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kazi. Wakati huo wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, wanarudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, wanaimba, na walipotuona walituimbia sisi maneno ambayo sitayaandika. Mikono yangu ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Sukari ikashuka. Daktari akafurahi. Na miezi minne mizima mimi na wifi yangu hatukuambiana hata "mwaramutse" ya kusalimiana asubuhi. Ila nilianza kumjua kwa namna nyingine. Nilijua akichoka, maana pumzi yake inakuwa na kamluzi kadogo mwishoni. Nilijua siku aliyolala vibaya. Na kafi langu, bila mimi kuliambia, likawa linaingia majini pamoja na lake.

Sasa nisikilize. Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti upepo ulitoka upande wa Goma ghafla, mawimbi yakaja kwa ubavu. Bizumuremyi, ambaye ndiye mshika usukani wetu, alipogeuza mtumbwi mimi nilikuwa nimeinama mno kutafuta maji, na maji yakanipata. Nilianguka, Shangazi. Nilikwenda chini, nikaona kijani, nikasikia ngoma ya Umuhire ikinyamaza. Fulana ikanirusha juu, nikapiga kelele kama mbuzi. Kabla sijamaliza kupiga kelele mkono ulikuwa umeshanikamata ukosi wa fulana.

"Usipige-pige maji," Béata akaniambia. "Nimekushika. Usiogope, nimekushika."

Hawakuweza kunipandisha, mawimbi yalikuwa makubwa na mimi ni sabini na nane kavu, nikilowa sijui. Aimable, kutoka nchi kavu, aliwapigia kelele waje ufukweni polepole. Béata akalala tumbo juu ya ukingo, akanishika kwa mikono miwili mpaka miguu yangu ikagusa mchanga. Nadhani ni dakika kumi. Wengine walisema tano.

Ufukweni wote walicheka, na mimi nikacheka, maana hatari imepita na nguo zimenigandia. Béata peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa chini ya miti, mikono ameiweka mapajani. Ukosi wa ile fulana ulikuwa umemchubua vidole, damu inatoka. Nikamwendea na kitenge changu, nikavizungushia. Nikasema, "Asante." Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza.

Akageuka kutazama maji. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Goma, chenye Kifaransa ndani, kile ambacho Gatete alikuwa akimwigiza:

"Gatete alinikatazaka kukuambia."

Nikaacha kukaza kitenge.

"Ulikuwa na mimba ya Bruce. Mbili zilikuwa zimeshatoka. Akasema, dada yangu akijua, hii ya tatu itatoka pia, na mi sitaki kwenda na mutoto ya dada yangu. Akaniapisha juu ya Biblia. Nilimubembeleza kila siku, Verediane. Kila siku. Alikataa."

"Na kule kaburini?" nikamwuliza. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na mutoto ya wiki tatu kwa mugongo. Ningekuambia pale, maziwa yako ingekauka. Nikasema bon, niache aseme, iko na uchungu. Siku ingine atakuja kwangu, ataniuliza muzuri, nitamueleza." Akavuta pumzi. "Hukukuja."

Shangazi, nimepima mashamba ya watu miaka kumi na saba, nimewaambia wengi, "Usiseme mpaka umesikia upande wa pili." Upande wa pili wa ndugu yangu mwenyewe sikuuliza. Bruce yupo duniani, anakimbia uani sasa hivi na kuku wa jirani, kwa sababu mwanamke yule alikubali kuitwa muuaji na akafunga mdomo.

Pale ufukweni nilimshika tu mikono yake yenye kitenge, nikalia, naye akaniacha nilie. Nyumbani nilimweleza Wenceslas. Unamjua, si mtu wa maneno mengi. Alikunywa chai yake kwanza, ndipo akasema, "Ulimtukana mbele ya watu. Ukimwomba radhi sebuleni, wale watu bado wanamjua kwa neno lako."

Nilimchukia kwa siku mbili kwa kuwa alisema kweli. Ya tatu nikaenda kwa Béata sokoni, mlango wa mbele, nikamwomba Jumapili aje nami Mudende. Akauliza kwa nini. Nikamwambia. Akakunja kitenge kimoja, akakikunjua, akakikunja tena. "Haiko lazima," akasema. Nikamwambia kwangu ni lazima.

Padri alinipa nafasi baada ya misa, wakati wa matangazo. Kulikuwa na baridi, unaijua ile ya chini ya mlima Karisimbi. Nilisimama mbele ya watu walewale: walimu waliofundisha na Gatete, majirani waliobeba jeneza, wale mama waliopika. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, sikuweza kuyasoma. Nikasema tu kwa Kinyarwanda kwamba miaka sita iliyopita, mita mia mbili kutoka pale, nilimshitaki shemeji yao kwa uongo. Kwamba alimtunza ndugu yangu mpaka mwisho, na alinyamaza kwa ombi lake ili mwanangu azaliwe. Na kwamba namwomba radhi yeye na wao pia, kwa kuwa niliwapa uongo wakaenda nao majumbani. Nikapiga magoti. Sakafu ya kanisa lile ni ya saruji, Shangazi, na niliisikia.

Hakuna aliyepiga makofi, na nashukuru. Bikizee mmoja wa benchi la mbele alisema kwa sauti, kama anaongea peke yake, "Tulimnyima salamu huyu mtoto." Akainuka, akaenda kumkumbatia Béata. Kisha akaenda mwingine. Wakapanga mstari, taratibu, kama siku ya kutoa rambirambi, wakampa mkono mmoja mmoja. Mimi nilibaki nimepiga magoti mpaka yeye mwenyewe akanijia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Donc simama, twende. Huku baridi itatuua."

Tukaenda kaburini, tukang'oa majani, tukashuka mjini na pikipiki mbili. Njia nzima sikuhisi baridi.

Mashindano tuliyokuwa tukiyafanyia mazoezi yalifanyika Jumamosi iliyofuata, mwisho wa Agosti, hapa hapa ufukweni kwetu. Zilikuja timu za Karongi na Rusizi, na timu ya nne walikuwa wale wavuvi wa sambaza wa Nyamyumba, ambao hawajafanya mazoezi hata siku moja lakini wamezaliwa na makafi mikononi. Mita mia tano. Tulipojipanga kwenye mstari moyo ulinipiga kuliko ngoma. Béata akaninong'oneza, "Usiniangalie mi. Angalia mugongo ya mbele, na sikiliza."

Nikasikiliza. Dakika tatu na kidogo, Shangazi, na ningependa uwe umekaa pale ndani. Ishirini tukawa tunavuta maji kwa pumzi moja, mtumbwi ukainuka kana kwamba umechoka kuwa mbao. Sikuona Karongi wala Rusizi. Nilisikia Umuhire, nikasikia kale kamluzi ka wifi yangu, na kwa mara ya kwanza mwili wangu huu wa miaka arobaini na nne, wenye sukari na kitambi, haukunidai chochote. Wavuvi walishinda, wakiimba. Karongi wa pili. Sisi tukawa wa tatu, tukiwatangulia Rusizi kwa urefu wa shingo ya musambi, na tulishangilia mpaka waamuzi wakadhani tumekosea kusoma matokeo.

Tulipotoka majini, msichana mwembamba mwenye gauni la kitenge alikuwa amesimama na taulo. Nilimjua kwa paji la uso. Ni la Gatete, Shangazi, na ni la babu. Aliniangalia, akamwuliza mama yake, "Huyu ni nani?"

Niliogopa jibu kuliko nilivyoogopa ziwa. Béata alikuwa anajifuta nywele. Akasema, bila hata kusimamisha taulo, "Ni shangazi yako. Mupe mukono."

Igihozo hakunipa mkono. Alikuja akanikumbatia nikiwa nimelowa hivyo hivyo, akaniita "Masenge," kama tunavyoita huku shangazi upande wa baba. Miaka sita nilijinyima neno hilo mwenyewe.

Sasa kila Jumapili wanakula kwetu, au sisi kwao. Bruce na Igihozo wanagombana kama ndugu, na ninawaacha wagombane kidogo, kisha nawaambia waulizane.

Nakushukuru, Shangazi. Wenceslas namshukuru kwa ukweli wake, Aimable kwa mizani yake, Bizumuremyi kwa kugeuza mtumbwi vibaya siku ile (nimemwambia, akakana). Lakini wewe nakushukuru zaidi, kwa sababu ulitulea mimi na Gatete kana kwamba umetuzaa, na ni wewe uliyemfundisha kumfikiria dada yake hata anapokufa. Nimemwomba Mungu anisamehe. Na wewe nakuomba, kwa kuwa ni mke wa mtoto wako niliyemdhulumu.

Msalimie sana Kampire, na mjomba wetu wa pale Nyaishozi, na majirani wote wanaotukumbuka. Huku wanakusalimu Wenceslas, Bruce na Umuhire. Wifi Béata anakupa shikamoo yake ya mikono miwili, na ametuma kitenge cha kijani kwenye furushi hili. Mimi nimeweka majani ya chai na sambaza waliokaushwa.

Ombi moja tu. Igihozo ana miaka minane, na ameanza kuniuliza baba yake alikuwaje alipokuwa na umri huo: alikuwa anaogopa nini, alikuwa anacheka vipi, ni kweli alianguka kisimani. Namjibu ninachokumbuka, lakini nami nilikuwa mtoto. Anayejua ni wewe. Mwezi wa Desemba tuna misa yake kule Mudende. Macho umeshapata, panda basi uje, Shangazi. Mtoto anakusubiri.

Mungu wa baba zetu akulinde, akutie nguvu gotini na amani moyoni.

Akupendaye daima, mtoto wa mikono yako,

Verediane